Mashine ya kidijitali inachapa vibaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachapaji wa Dar es Salaam

Majibu haya ni ya wenye maduka ya uchapaji na maopereta wanaotumia mashine kubwa za tona kavu (unga wa rangi), zile zinazochapa SRA3, karatasi kubwa kidogo kuliko A3, kwa rangi nne. Mashine za wino wa kimiminika zina magonjwa yake na hazimo hapa. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Kabla ya kumpigia fundi

1. Jana ilichapa vizuri, leo imeharibika. Nianze wapi?

Anza kwa kutenganisha faili na mashine. Mashine za daraja hili zina kurasa za majaribio ndani yake, ambazo hazipiti kwenye faili lako wala kwenye kontrola, yaani kompyuta inayoitafsiria mashine faili. Ingia kwenye menyu ya marekebisho, chapa ukurasa mmoja kwa kila rangi: sayani, majenta, njano na nyeusi, kila moja ikiwa asilimia 50 hivi. Usichague rangi iliyojaa kabisa, kwa sababu kasoro nyingi hujificha kwenye rangi nzito na kujianika kwenye rangi ya wastani.

Kasoro ikionekana kwenye kurasa hizo, shida iko kwenye mashine au karatasi. Isipoonekana, mwache fundi apumzike. Kosa liko kwenye faili au mipangilio ya kontrola.

Hatua inayofuata ni kubadilisha karatasi na trei. Fungua rimu mpya kabisa, iweke kwenye trei nyingine, rudia kurasa zilezile. Sehemu kubwa ya simu ambazo mafundi hupigiwa wakati wa masika huishia kwenye hatua hii, na opereta angeimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa.

2. Nimethibitisha ni mashine. Nitajuaje ni sehemu gani?

Kwanza zihesabu rangi. Kasoro ikiwa kwenye rangi moja tu, mshukiwa yuko kwenye kituo cha rangi hiyo: drumu (silinda ambayo picha huundwa juu yake), chaja (inayoipa drumu chaji ya umeme), developa (unga unaobeba tona na kuipa chaji), leza, au bledi ya kusafishia. Ikiwa kwenye rangi zote, mahali palepale, tafuta pale ambapo rangi zote hupita pamoja: mkanda wa kuhamishia, roli inayohamishia picha kwenye karatasi, au fyuza, yaani sehemu ya joto inayoivisha tona.

Kama mashine yako inaruhusu, tumia mbinu ya kuisimamisha njiani. Anza kuchapa ukurasa wa majaribio, kisha fungua mlango wa mbele wakati karatasi iko katikati ya safari. Mashine itasimama na kudai imekwama. Vuta droo taratibu uangalie picha iliyo juu ya mkanda, kabla haijafika kwenye karatasi. Picha ya mkandani ikiwa tayari na kasoro, rudi nyuma kwenye drumu na developa. Ikiwa safi, lakini iliyofika kwenye karatasi ni chafu, angalia roli ya kuhamishia. Na ikiwa safi kwenye karatasi ambayo bado haijaiva, yaani tona inafutika kwa kidole, basi fyuza ndiyo inayoharibu.

Tahadhari mbili. Fyuza hufanya kazi kwenye joto la kati ya nyuzi 160 na 200 hivi, usiiguse. Na drumu haipendi mwanga: ikitoka nje ifunike mara moja kwa kitambaa cheusi kizito, na usiiweke karibu na dirisha hata kwa dakika chache.

3. Kuna doa linajirudia kwenye karatasi hiyohiyo. Linasema nini?

Linakutajia jina la roli iliyoumia. Kitu cha mviringo kikiwa na jeraha, kila kikizunguka mara moja huacha alama moja. Kwa hiyo umbali kati ya doa na doa ni mzingo wa roli hiyo, na mzingo ni kipenyo mara 3.14.

Chukua rula ya chuma, siyo ya plastiki iliyoisha kingo. Pima kutoka ukingo wa juu wa doa la kwanza hadi ukingo wa juu wa doa la pili, kwa kufuata mwelekeo ambao karatasi hupita. SRA3 inayoingia kwa upande wake mfupi ina milimita 450 za kupimia. Ukipata takriban milimita 188, unatafuta kitu chenye kipenyo cha milimita 60. Milimita 94 ni kipenyo cha 30. Milimita 264 ni cha 84. Milimita 44 ni cha 14, ambacho mara nyingi ni roli ndogo kama ile ya chaja. Vipenyo halisi hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo omba orodha ya mizingo ya mashine yako kwa wakala siku anapoifunga, uibandike ndani ya mlango wa mbele.

Doa linalotokea mara moja kwenye karatasi hii, likaruka karatasi moja au mbili, kisha likarudi, kwa kawaida ni la mkanda wa kuhamishia, maana mkanda ni mrefu kuliko karatasi. Chapa kurasa kumi mfululizo, uziandike namba, utaona mpangilio wake.

Doa lisilojirudia kwa umbali wowote ni vumbi, unyevu au karatasi yenyewe.

## Mistari, ukungu na tona kubanduka

4. Kuna mstari mwembamba kutoka juu hadi chini ya karatasi.

Angalia kwanza ni mstari wa rangi au mstari mweupe.

Mstari mweupe kwenye rangi moja mara nyingi ni vumbi au chembe ya tona kwenye kioo ambacho mwanga wa leza hupitia. Mashine nyingi huwa na fimbo maalumu ya kusafishia kioo hicho, imepachikwa ndani ya mlango wa mbele. Ivute na kuirudisha mara tatu au nne kwa kila rangi. Kwa maduka yaliyo kando ya barabara ya vumbi, hili liwe zoezi la kila Jumatatu.

Mstari wa rangi, hasa unaoonekana hata sehemu nyeupe za karatasi, ni bledi ya kusafishia iliyopata pengo au drumu iliyochunika. Bledi ikishachimbika hairekebishiki. Mstari wenye kingo laini, kama moshi, huwa ni waya wa chaja uliochafuka. Kama una kitufe au mpini wa kusafisha chaja, utumie kabla ya kuagiza spea.

Mistari inayokatisha karatasi kwa upana, kama ngazi, ni jambo jingine: gia, mota au kasi isiyo sawa. Pima umbali wake kama ilivyo swali la 3 kisha mpigie fundi. Hapo opereta hana la kufanya.

5. Sehemu nyeupe zimekuwa na ukungu wa rangi.

Tona hubaki mahali pake kwa chaji ya umeme inayopata inaposuguana na developa. Chaji ikipungua, chembe hutoroka na kutua pasipohusika. Chaji hupungua kwa sababu tatu za kawaida: hewa yenye unyevu mwingi, developa iliyozeeka, au tona isiyolingana na mashine (swali la 18).

Ukungu ukitokea asubuhi na kuisha kufikia saa nne au saa tano, ni unyevu. Nenda swali la 8. Ukiendelea mchana kutwa kwenye rangi moja, soma kaunta ya developa ya rangi hiyo, yaani hesabu ya kurasa ilizokwishachapa. Kuongeza mwanga wa faili ili kuficha ukungu ni kujidanganya: unapoteza rangi nyepesi za ngozi za watu, na ukungu unabaki.

6. Kivuli cha picha kinaonekana tena chini kidogo.

Pima umbali kati ya picha na kivuli chake. Ukilingana na mzingo wa drumu, drumu haisafishwi vizuri. Ukilingana na mzingo wa roli ya fyuza, tona inabaki kwenye roli na kushuka mzunguko unaofuata, kwa sababu joto limezidi au halitoshi, na mara nyingi kwa sababu opereta amechagua aina ya karatasi isiyo sahihi.

7. Tona inabanduka nikikwaruza kwa ukucha, au inapasuka kadi ikikunjwa.

Hayo ni matatizo mawili na watu huyachanganya.

Ikibanduka kwa ukucha, haijaiva. Umeweka artikadi (kadi laini yenye kung'aa) ya gramu 300 lakini trei inasema gramu 128 hadi 150, na mashine imepita kwa kasi na joto la karatasi nyepesi. Sahihisha uzito na aina kwenye trei. Kama uzito wa kwenye pakiti unautilia shaka, na kuna pakiti sokoni zinazostahili kutiliwa shaka, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 upime kwenye mizani ndogo ya dhahabu: gramu 3 kamili ni karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ikisoma 2.6, umeuziwa gramu 260.

Ikipasuka kwenye mkunjo peke yake, imeiva vizuri; tatizo ni kwamba tona hukaa juu ya karatasi na haina mnyumbuko. Piga mkunjo kwa mashine ya kukanyagia mstari kabla ya kukunja, panga kazi ili mkunjo ufuate mwelekeo wa nyuzi za karatasi, na mshauri mteja asiweke rangi nzito pale panapokunjwa. Kujua nyuzi zilikoelekea, chana karatasi pande zote mbili: upande unaochanika ukaenda moja kwa moja ndio wa nyuzi. Kadi za harusi zenye uti mweusi au wa zambarau iliyokolea ni bora zipigwe lamineshi kabla ya kukunjwa.

## Hewa ya Dar na karatasi

8. Kwa nini kazi za asubuhi hutoka vibaya kuliko za mchana?

Kwa sababu ya usiku. Watengenezaji wengi hutaka chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 25 na unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Dar, usiku AC ikizimwa na madirisha yakiwa hayazibi vizuri, unyevu wa chumbani hupanda hadi kuufikia wa nje, ambao mara nyingi uko juu ya asilimia 75. Karatasi iliyo wazi kwenye trei hunywa unyevu huo hadi asubuhi. Karatasi yenye maji hupitisha umeme, hivyo chaji inayopaswa kuvuta tona kutoka kwenye mkanda huvuja. Utaona rangi zenye mawimbi, madoa meupe, na kwenye artpepa (karatasi laini iliyopakwa tabaka la kung'aa) malengelenge madogo, kwa kuwa maji hugeuka mvuke ndani ya fyuza na hayana pa kutokea.

Sababu ya pili haizungumzwi sana. Mashine nyingi zina hita ndogo chini ya trei na karibu na drumu, za kukausha unyevu, na hizo hufanya kazi hata mashine ikiwa imezimwa, ilimradi plagi ina umeme. Mlinzi au bosi anayezima swichi kuu ya ukutani kila jioni ili kubana luku anazima pia hita hizo. Umeme unaookolewa ni mdogo ukilinganisha na artikadi inayotupwa kesho yake. Zima mashine kwa kitufe chake, swichi ya ukutani iache, mradi kuna kinga ya umeme (swali la 15).

Asubuhi, fungua AC nusu saa kabla ya kazi, toa karatasi ya juu kwenye kila trei, pitisha kurasa ishirini za rangi nne, kisha fanya urekebishaji wa rangi. Ukirekebisha rangi kabla mashine haijapata joto, utakuwa umeirekebisha kwa hali ambayo haitakuwepo saa tatu.

9. Niweke AC nyuzi ngapi, na karatasi nizitunze wapi?

Nyuzi 23 au 24, isibadilikebadilike. Kuweka 16 kunawafurahisha maopereta tu. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huacha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Kwa hiyo kila mlango unapofunguliwa mchana wa Februari, chumba cha nyuzi 16 huvuta umande kwenye karatasi na kwenye vyuma vya mashine. AC peke yake pia haitoshi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, wala siku za vuli zenye mvua nyingi. Nunua mashine ya kukausha hewa, na kipima unyevu cha bei ndogo kikae kando ya trei, siyo ukutani karibu na AC.

Karatasi mpya ikae kwenye chumba cha mashine ikiwa imefungwa, saa 24 kwa uchache, 48 kwa kadi nzito, kisha ndipo ifunguliwe. Iweke juu ya paleti, isiguse sakafu wala ukuta wa nje. Fungua rimu unayoitumia tu. Iliyobaki irudishe kwenye kifungashio chake cha nailoni na uibandike gundi. Karatasi iliyotoka ghala la Kariakoo lisilo na AC ikachapwa jioni ileile ni kamari.

10. Karatasi inakwama mara kwa mara, au inajikunja ikitoka.

Itazame ikiwa bado kwenye rundo. Kingo zilizojaa mawimbi zimekunywa unyevu. Kingo zilizokaza huku katikati pakiwa pamevimba zimekauka kupita kiasi. Igeuze upande wa pili, na kama rimu ina mshale, mshale unaonyesha upande wa kuchapwa kwanza. Pepea rundo kabla ya kuliweka, lisivuke mstari wa kikomo, na vizuizi vya pembeni viguse karatasi bila kuibana. Artpepa hushikana; washa feni za kutenganisha kwenye trei kama zipo.

Ikikwama kila mara mahali palepale, andika namba ya msimbo na namba ya mlango. Roli za mpira za kuvutia karatasi hung'aa zikizeeka. Zipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa maji kidogo. Zikirudia kuteleza ndani ya wiki, zibadilishwe.

11. Mbele na nyuma hazikutani.

Kabla ya kugusa marekebisho, kagua gilotini, mashine ya kukatia karatasi. Karatasi isiyo na pembe mraba haitakutana kamwe, hata uirekebishe mwezi mzima. Kunja karatasi moja katikati: kona zisipolaliana, rundo zima likatwe upya pande zote nne.

Halafu ujue kwamba karatasi hupungua. Ikipita kwenye fyuza hupoteza maji na kusinyaa, kisha ndipo upande wa pili unachapwa. Ikisinyaa sehemu moja tu kwa elfu, kwenye milimita 450 hiyo ni karibu nusu milimita. Ndiyo maana mashine ina marekebisho ya ukubwa kwa upande wa pili, na ndiyo maana yanafanywa kwa kila aina ya karatasi peke yake. Chapa kurasa kumi zenye alama za msalaba, tupa tano za kwanza, zilizobaki zitoboe kwa sindano kwenye kitovu cha msalaba, geuza, pima. Nusu milimita ni kiwango cha kawaida kwa mashine hizi. Anayeahidi sifuri anakuuzia maneno.

12. Karatasi zipi zisipite kabisa?

Karatasi ya picha ya printa za wino, kwa kuwa tabaka lake huyeyuka na kuigandia fyuza. Stika ya PVC ya kawaida, kwa sababu hiyohiyo; tumia stika iliyoandikwa kuwa inafaa leza. Stika yoyote iliyokwishachunwa lebo moja, maana gundi iliyo wazi itahamia kwenye mkanda. Karatasi zenye pini, nakshi za kung'aa au maandishi yaliyovimbishwa.

Barua zenye nembo zilizochapwa kwanza kwa ofseti (mashine ya sahani na wino) zinapita endapo wino umekauka kabisa na unavumilia joto. Ila poda nyeupe inayonyunyiziwa ofseti ili karatasi zisigandane ni sumu kwa mashine ya kidijitali: huziba vioo vya leza na kufanya roli ziteleze. Duka lenye ofseti na dijitali kwenye chumba kimoja liweke angalau pazia zito katikati yake.

## Rangi

13. Mteja amerudia oda ya mwezi jana, rangi hazifanani.

Vitu vitatu lazima viwe vilevile: karatasi, urekebishaji, na profaili. Urekebishaji huirudisha mashine kwenye hali yake inayojulikana. Profaili huiambia kontrola hali hiyo inaonekanaje. Kutengeneza profaili mpya kila rangi inapohama ni kuficha uchafu chini ya zulia. Rekebisha kila asubuhi, na tena baada ya kubadilisha drumu au developa. Profaili itengenezwe upya unapobadilisha aina ya karatasi au vipuri vikubwa.

Weka sampuli ya kila kazi kubwa ndani ya bahasha nyeusi, ukiandika nyuma yake karatasi, trei, jina la profaili na tarehe. Kama una kifaa cha kusoma rangi, tofauti ya ΔE 2 (ΔE ni kipimo cha umbali kati ya rangi mbili) haionekani kirahisi kwa macho. Ikifika 5 mteja ataiona, na kwenye nembo ya kampuni ataiona mapema zaidi.

14. Mteja anasema kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi imefifia. Na maandishi meusi yana kingo za rangi.

Simu hutoa mwanga, karatasi huupokea. Kijani cha kung'aa, chungwa kali na bluu ya umeme havifikiwi na rangi nne, basi. Mwonyeshe mteja nakala ya mfano iliyochapwa, na aisaini kabla ya oda kuendelea.

Ila mara nyingi picha yenyewe imeshaumia njiani. Iliyotumwa WhatsApp kama picha hubanwa. Yenye pikseli 1600 kwa upande mrefu inatosha sentimita 13.5 tu kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi. Mwambie aitume kama dokumenti, au alete flashi. Nembo iombwe katika PDF ya vekta, ambayo haipotezi ukali ikikuzwa, siyo picha ya skrini.

Kingo za rangi kwenye maandishi meusi maana yake nyeusi hiyo imetengenezwa kwa rangi nne badala ya moja. Maandishi yawe nyeusi asilimia 100 peke yake. Eneo kubwa jeusi linaweza kuongezewa sayani asilimia 40 ili likolee, lakini jumla ya rangi zote isivuke kikomo cha mashine, ambacho kwa tona huwa kati ya asilimia 240 na 280. Ikizidi, rudi swali la 7.

## Umeme

15. Umeme unakatika katikati ya kazi. Nahitaji UPS au stabilaiza?

Vyote viwili, kwa kazi tofauti. Stabilaiza hushughulikia umeme unaopanda na kushuka. Mashine nyingi za volti 230 huvumilia asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya 207 na 253. UPS, yaani betri ya akiba, ya kawaida haiwezi kubeba fyuza, lakini inatosha kontrola, ambayo ni kompyuta na ndiyo inayoharibika diski inapozimika ghafla. Ipe dakika kumi za kuzimwa kwa utaratibu. Mashine yenyewe iwe na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, isichangie na gilotini wala AC, na arthi ipimwe na fundi umeme, siyo kukisiwa.

Umeme ukikatika: zima swichi ya mashine, fungua milango, toa karatasi iliyo ndani ya fyuza kwa kuzungusha kitasa chake, kwa kuwa feni za kupooza zimesimama na joto liko palepale. Umeme wa TANESCO ukirudi, subiri dakika tano hadi kumi utulie ndipo uwashe. Jenereta iwashwe bila mzigo kwanza.

## Fundi, mkataba na vipuri

16. Nimwambie nini fundi ili aje na spea sahihi?

Namba ya mashine, kaunta ya jumla, msimbo wa kosa kama ulivyo kwenye skrini, aina na uzito wa karatasi, na kile ulichokwishajaribu kati ya swali la 1 na 3. Zile kurasa za majaribio zihifadhi, chora mshale wa mwelekeo zilikotokea, ziskani kwa dpi 300. Picha ya simu hudanganya rangi, ingawa video inafaa sana kwa sauti za ajabu. "Mashine inachapa vibaya, njoo" humleta fundi na bisibisi, kisha anarudi Mikocheni kufuata drumu, na siku imekwisha.

17. Mkataba wa kulipia kwa kaunta unajumuisha nini?

Kwa kawaida tona, drumu, vipuri na kazi ya fundi. Karatasi na pini hazimo. Ya kuuliza kabla ya kusaini ni haya: A3 inahesabiwa moja au mbili? Kurasa za majaribio na zilizokwama zinalipiwa? Kuna kima cha chini cha mwezi? Muda wa kufika fundi unahesabiwa tangu simu ipigwe au tangu siku ya kazi ianze, na Jumamosi ipo? Spea zipi ziko Dar na zipi zinaagizwa nje? Bei iko kabla au baada ya VAT ya asilimia 18? Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo bei iwe kwa shilingi, na kipengele cha kubadilisha bei kisomwe mara mbili, maana hapo ndipo dola hujificha.

Msimu wa kalenda na kadi, Novemba na Desemba, kila duka linaita fundi. Omba matengenezo ya kinga Oktoba.

18. Tona mbadala ni nafuu. Nitumie?

Kwenye printa ya ofisi, labda. Kwenye mashine ya uzalishaji hapana. Tona isiyoiva kwenye joto lilelile huchafua fyuza, na isiyopata chaji sawa huharibu developa, ambayo bei yake inameza nafuu yote. Mkataba wa kaunta pia huvunjika. Makopo yaliyojazwa upya yanatambulika kwa kifuniko chenye mikwaruzo na chipu iliyobandikwa juu ya nyingine.

19. Nimepata mashine ya mtumba kutoka nje. Nikague nini?

Volti kwanza: ya Japani inaweza kuwa ya 100. Pili, chipu za tona hufungwa kwa eneo la dunia zinakouzwa. Mashine ya Ulaya inaweza kukataa tona inayouzwa hapa. Tatu, leseni na dongo la kontrola (kifaa kidogo cha kuchomeka kinachoifungulia programu yake) viwepo, maana bila hivyo umenunua kopia kubwa. Chapa ripoti ya kaunta za kila kipuri: mashine yenye jumla ndogo lakini mkanda uliobadilishwa mara kadhaa imerudishwa namba. Na muulize wakala wa Dar kwa maandishi kama ataihudumia, kabla hujalipa ushuru bandarini.

20. Tona imemwagika ndani ya mashine. Nifyonze kwa mashine ya nyumbani?

Usifanye hivyo. Chembe ni ndogo mno, zitapita kwenye kichujio na kupulizwa chumba kizima, na msuguano wake huzalisha umeme tuli. Zima AC na feni, vaa barakoa, tumia kifyonzaji maalumu cha tona. Kama huna, chota kwa karatasi ngumu na umalizie kwa kitambaa kikavu. Usiguse drumu kwa spiriti wala thina. Nguo ikikung'utwa kwanza kisha ikafuliwa kwa maji ya baridi, inatoka. Maji ya moto huipika tona kwenye uzi.

21. Mashine itakaa miezi miwili bila kazi.

Toa karatasi zote kwenye trei, zirudishwe kwenye nailoni. Acha plagi na umeme wake kwa ajili ya hita. Kila wiki pitisha kurasa ishirini za rangi nne, kwa sababu developa hugandamana na roli laini hubaki na alama pale zilipobanwa. Ziba matundu ya nyaya nyuma ya mashine kwa wavu mwembamba: mende na mijusi hupenda joto la bodi za umeme, na shoti ya mjusi haimo kwenye mkataba wowote.